Ufukwe asubuhi ya baada ya dhoruba: nimpeleke mama yangu wapi, na lini?

Fundi_Rangi_Kimara

Wakuu habari za leo, natumai mko salama na hizi mvua. Mimi ni fundi rangi, nakaa Kimara, Dar, huu mwaka wa tisa, kwetu Singida. Nina swali lakini itabidi niwasimulie kwanza ndo mtanielewa.

Wiki iliyopita nlikuwa na kazi Ununio, nyumba moja haiko mbali na bahari, tunapiga skimu, ile ya kulainisha ukuta, vyumba vya juu. Jumatano jioni mvua ikashuka na upepo wa hatari, mabati ya jirani yanapiga kelele, barabara imejaa maji, bodaboda hata mmoja hakubali kutoka, basi mimi na kijana wangu tukalala hapohapo saiti juu ya maboksi. Kulala kwenyewe hamna. Kuanzia kama saa nane usiku ile sauti ya bahari haikuwa ile tuliyoizoea, ilikuwa inagonga, yaani unaisikia kwenye sakafu. Alfajiri kukawa kimya ghafla. Nikaswali, nikasema ngoja nikaangalie.

Asee. Bahari nimeshaiona sana lakini naionaga ufukwe wa Coco siku ya Idd, watu wamejaa, jua la saa tisa, unakula mihogo unaondoka. Hii ilikuwa kitu kingine kabisa. Mchanga umelala kama ukuta uliopigwa skimu mkono wa mwisho, hakuna alama ya kiatu hata moja, zilizokuwepo ni za kaa na kunguru tu. Mbele huko baharini wingu jeusi bado limebaki limening'inia, chini yake jua limetoka kwenye upenyo mwembamba hivi, na maji yamegawanyika, ya karibu rangi ya chai ya maziwa, yanayofuata kijani, yanayofuata bluu iliyoiva, na mpaka wa rangi na rangi umekatika kabisa kama mtu kabandika solotepu ndo akapaka. Mimi kazi yangu ni kuchanganya rangi. Nikasimama pale najaribu kichwani ile kijani ningeipataje, nyeupe ndoo nzima, bluu kidogo, njano tone moja, nikaona hapana haifiki. Na kile kisiwa cha Mbudya ambacho siku zote nakiona kama kivuli, asubuhi ile unahesabu miti.

Sasa swali langu. Mama yangu anakuja mwezi huu, ana miaka 67 na hajawahi kuiona bahari maisha yake yote. Ndugu wote wanasema msubirini mvua zikate mumpeleke siku ya jua. Mimi moyo wangu unataka aione kama nilivyoiona mimi. Je ile huwa inatokea kila baada ya dhoruba au nlibahatika? Kinachofanya iwe vile ni nini? Na niende ufukwe upi, magoti yanamsumbua, hawezi kushuka mawe wala ngazi.

Na kingine kinanisumbua kidogo. Wakati mimi nashangaa rangi, pembeni kulikuwa na mzee na kijana wanachota maji kwenye ngalawa yao, ule mti wa pembeni unaoishika isipinduke umevunjika. Nikaona kama nafurahia kitu kilichowaumiza wenzangu.

---

MtotoWaKunduchi

Fundi pole na kulala kwenye maboksi. Nimezaliwa Kunduchi, nyumbani ni wavuvi toka babu, kwa hiyo nitakujibu kwa ninavyojua.

Sio kila dhoruba inaacha asubuhi kama ile. Inayoacha vile ni ile ya usiku inayokata alfajiri, upepo ukafa kabisa. Ikikata mchana halafu upepo ukabaki unasukuma, bahari inakaa imechafuka siku mbili tatu, maji yote vumbi, hamna cha kuona. Na kipindi hiki cha masika ndo kaskazi imeondoka na kusi inaingia, upepo hauna msimamo, leo huku kesho kule, kwa hiyo hizo asubuhi zinapatikana lakini huwezi kuziagiza.

Kingine ambacho watu wa bara hamkijui ni maji. Angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Siku za bamvua hapa kwetu maji yanajaa kama saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, halafu yanaanza kutoka, kufika saa nne asubuhi yameshakupwa kabisa. Yaani dhoruba ikipiga usiku wa bamvua, mawimbi yanapanda mpaka juu kwenye mivinje, yanafuta kila kitu, halafu maji yakirudi yanakuachia ufukwe mpana mpya, ndo huo ulioukuta umepigwa skimu. Siku za maji mafu hupati hiyo, bahari inapanda kidogo inashuka kidogo, nyayo za jana bado unazikuta.

Kimbunga Hidaya kilivyokuja Mei 2024 sisi tulizivuta ngalawa mpaka kwenye uzio wa watu. Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatangaza mapema, boti za Zanzibar zikasimama, hakuna aliyeingia baharini. Kikafika Mafia tarehe 4, nguvu ikaisha. Bahari ilivyotulia nikashuka ufukweni, sikuutambua. Sehemu niliyochezea mpira utotoni mchanga umeondoka, mwamba umetoka nje ambao sijawahi kujua kama upo, una madimbwi madogo na ndani yake samaki wadogo wamebaki wanazunguka. Nlikaa pale mpaka jua likanichoma.

Kuhusu yule mzee na ngalawa yake usijisikie vibaya. Baba yangu alikuwa anachota maji kwenye chombo huku anatuonyesha jua linavyotoka, anasema tazameni kwanza, haya maji hayakimbii. Siku nyingine ukiwakuta wasaidie kuvuta, mikono miwili ya ziada kwenye kuvuta ngalawa ni kitu kikubwa sana.

---

Mwl_Temeke

Nafundisha jiografia sekondari, hili swali nimelipenda mno, wanafunzi wangu wangeuliza hivi ningefurahi.

Kwanza kile kisiwa. Siku za kawaida hewa ya Dar ina vumbi, moshi wa magari, moshi wa mkaa, chumvi ya bahari, vyote vinaelea na vinatawanya mwanga kwa hiyo vitu vya mbali vinakuwa na ukungu. Mvua kubwa inazikamata zile chembe inazishusha chini. Ndo maana ukahesabu miti. Wahi asubuhi, kabla magari hayajaanza na kabla joto halijapandisha unyevu.

Ile rangi ya chai ya maziwa ni udongo wetu wenyewe. Mito ya upande huo, Tegeta, Mbezi, ikijaa inaleta tope baharini na linakaa karibu na pwani. Kule nje kwenye kina, juu ya mchanga mweupe na matumbawe, maji yanabaki masafi. Yanapokutana hayachanganyiki haraka, maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi yanaelea juu yake, ndo solotepu yako hiyo fundi.

Sasa kitu ambacho najua hukukiangalia. Mara nyingine baada ya mawimbi makubwa utakuta michirizi myeusi kwenye mchanga, wengi wanadhani ni oili au uchafu wa meli. Ni mchanga mzito, una madini ya chuma na titani ndani yake. Mawimbi yanachukua mchanga mwepesi mweupe yanaupeleka nje, mzito unabaki. Chukua sumaku ya spika mbovu uiviringishe kwenye mfuko wa nailoni mwembamba, ipitishe kwenye ule weusi uone chembe zinavyosimama kama manyoya ya paka. Mpe mama ajaribu mwenyewe.

Na upinde wa mvua. Hii nawaambia watu kila siku. Upinde unatokea upande wa pili wa jua. Fukwe zetu zinatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko baharini na upinde ukitokea utakuwa nchi kavu nyuma yako, juu ya mapaa ya watu. Jioni ndo inageuka, jua liko mgongoni na upinde unasimama juu ya bahari yenyewe, mguu mmoja majini. Mvua ikikata kwenye saa kumi na moja huku jua limechungulia magharibi, acha chochote unachofanya kimbia ufukweni.

Nitakachosema kwa uchungu kidogo ni kuhusu ule mchanga unaoondoka. Dhoruba inaupeleka nje kidogo tu, halafu mawimbi madogo ya siku za utulivu yanaurudisha polepole, wiki kwa wiki, ufukwe unapona. Lakini unapona kama mito nayo inaleta mchanga mpya. Kule Kunduchi miaka mingi watu wamechimba mchanga kwenye mito kwa ajili ya matofali, kwa hiyo bahari inachukua na hakuna wa kufidia, kuna majengo yameshaliwa. Mtoto wa Kunduchi uwanja wako wa mpira sijui kama umerudi.

---

MtotoWaKunduchi

Mwalimu umerudi nusu. Goli moja liko mchangani, jingine bado mwamba.

---

Msasani_Kwetu

Samahanini mimi naona mnampa fundi picha ya upande mmoja, nami niseme ninachokiona kwa macho yangu maana ufukwe naupenda kama nyie, ndo maana inaniuma.

Kuanzia daraja la Salenda kuja huku baada ya mvua kubwa haupeleki mama yako. Mto Msimbazi ukijaa unabeba kila kitu kuanzia Vingunguti, Jangwani, kote huko, unamwaga baharini, halafu maji yakijaa yanatupa nchi kavu. Chupa za plastiki, ndala za mguu mmoja, nepi za watoto, matairi, siku moja nimekuta godoro zima. Mifuko ya plastiki imepungua sana toka ilivyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, hilo nalikubali kwa moyo mweupe, nlikuwa naokota mifuko ile kwa mikono miwili na sasa nakaa siku nzima sioni hata mmoja. Lakini chupa bado, na maji yenyewe baada ya mvua yana vya chooni, usimruhusu hata kunawa uso karibu na mdomo wa mto. Ngojeni siku tatu nne.

Sasa sio kwamba uzuri haupo. Upo. Kuna asubuhi moja mwaka huu, tulikuwa watu kama kumi na mbili tunaokota taka toka saa kumi na mbili, mimi na watoto wangu wawili na majirani, mvua ilikata usiku. Kufika saa tatu tumejaza viroba 41, tumevipanga kule juu. Tukageuka kutazama tulikotoka. Ule mchanga mtupu, umelowa, unaakisi mawingu mpaka hujui maji yanaanzia wapi, mwanangu wa miaka sita akavua viatu akasema mama nisiuchafue. Sijawahi kuona Msasani nzuri kama siku ile na sisi wenyewe ndo tulioitoa chini ya takataka.

Kwa hiyo fundi mpeleke mama, lakini nenda mbali na midomo ya mito, na beba kiroba kimoja.

---

Bi_Kigamboni

Mwanangu fundi mlete mama huku kwetu. Panda naye pantoni pale Magogoni, usipite darajani, kwa mtu ambaye hajawahi kuona bahari ile dakika chache ya kuvuka ni safari, atasimama kwenye vyuma ataona meli kubwa zinaingia bandarini, ataona soko la samaki Feri upande ule mnaotoka. Mukishavuka mnachukua bajaji mpaka Mjimwema, bajaji inakushusha karibu kabisa, mchanga umelala hauna mteremko, hata mwenye magoti anafika. Beba kiti cha plastiki cha nyumbani na kanga mbili, moja ya kujifunika maana upepo wa baada ya mvua una baridi, nyingine ya kukalia.

Ila kuna mambo ya kumwambia, mimi nimelea watoto watano na bahari mlangoni.

Asiokote kila kizuri anachokiona. Baada ya dhoruba bahari inatupa konyeza, kuna wale wa bluu wana puto dogo limejaa hewa na uzi mrefu, wazuri kama ua. Hata akiwa amekauka juani bado anachoma. Na konokono wa bahari mwenye umbo la koni, mwenye michoro ya kuvutia, akiwa hai ana sumu mbaya sana, anaweza kuua mtu. Atazame asishike. Kombe tupu zilizokwisha kufa achukue mbili tatu za kumbukumbu, zingine aziache, kuna kaa wanaohamia humo, hiyo ndo nyumba yao.

Majani yale marefu ya baharini yaliyorundikana msiyaone uchafu. Wapo wanaoyachoma wageni waone mchanga mweupe, mimi inaniuma, yale yanashika mchanga usiondoke na yana vidudu ambavyo ndege wanakula. Harufu yake mtu anaizoea kwa nusu saa, mimi sasa nikienda bara naikosa.

Msiingie majini siku hiyo hata kama mbingu imetakata. Mbingu inatulia kabla ya bahari, mawimbi yanayokuja yametoka mbali huko na mkondo wa kuvuta nje bado upo. Miguu tu, mpaka kwenye vifundo.

Na mkiona mayai meupe ya mviringo kama mipira ya mezani yametokeza mchangani, hayo ni ya kasa. Huku kwetu kasa wa kijani wanapanda kutaga, na mawimbi makubwa yanafukua mashimo yao. Msiyageuze, msiyazike upya wenyewe, mwiteni bwana samaki, yaani afisa uvuvi, au vijana wa ulinzi wa pwani wa mtaa, wao wanajua wanayahamishaje. Mimi mwaka jana baada ya mvua ya namna hiyo nlikutana na shimo limefukuliwa nusu, nikakaa hapo na mwavuli kuwafukuza kunguru mpaka vijana wakaja. Wiki kadhaa baadaye wakaniita usiku nikaone vile vitoto vinakimbilia majini. Kila kimoja kinaingia kiganjani.

---

Fundi_Rangi_Kimara

Wakuu shikamooni wote, na Bi Mkubwa wa Kigamboni shikamoo ya peke yako. Mama kaja na tumeenda, naleta mrejesho.

Jumamosi usiku mvua ilipiga mpaka saa tisa. Mwezi ulikuwa mpevu, nliuangalia kama nlivyoambiwa. Saa kumi na mbili tuko Magogoni tunapanda pantoni. Mama akashika vyuma kwa mikono miwili hakusema neno mpaka tumeshuka ng'ambo, nikadhani anaogopa, kumbe ananiuliza, haya maji tuliyovuka ndo bahari yenyewe au ni mto? Nikamwambia hii ni mlango tu mama.

Mjimwema rangi hazikuwa kama za Ununio, niwe mkweli, ule mpaka wa solotepu haukuwepo, wingu lilikuwa la kijivu limetanda. Mimi nikaanza kuumia moyoni kwamba nimemleta siku siyo. Tukaweka kiti. Maji yanatoka, kila wimbi linaishia chini kidogo ya lililopita, mchanga unabaki unang'aa halafu unafifia, unang'aa unafifia. Mama kakaa kama saa nzima anaangalia hicho tu. Halafu akainuka, akatembea mwenyewe, akachovya kidole akaonja, akasema kumbe ni chumvi kama ile ya Singidani. Akacheka sana. Yeye amekulia karibu na ziwa lile, maisha yote anajua maji ya chumvi, hakuna aliyemwambia kwamba bahari ni ndugu yake.

Mafundi wenzangu wawili walilala kwao Kibada, wakamwambia usiku bahari ilikuwa inapiga kelele hadi wao wakaisikia. Mama akaiangalia akasema, ilikuwa inalia hivyo, sasa nani kaibembeleza?

Mwalimu sumaku nlibeba. Mchirizi mweusi tuliupata karibu na mwamba, mama kanasa kachukua zile chembe kafunga kwenye pindo la kanga, anasema anapeleka kwa wajukuu. Dada wa Msasani kiroba chako kilijaa, chupa tu, na kijana wa madafu alituongezea cha pili. Konyeza tulimwona mmoja, nikawekea fimbo pembeni watoto wasikanyage.

Sasa mama anataka ule upinde wa jioni wenye mguu majini. Wanasema Alhamisi mchana kuna mvua, na basi lake ni Jumapili. Mtoto wa Kunduchi, Alhamisi maji yanakuwaje?

---

MtotoWaKunduchi

Alhamisi bamvua imeshapita yanaelekea maji mafu. Yatakupwa kama saa saba mchana, saa kumi na moja yatakuwa yanapanda lakini taratibu, hayatafika juu, kiti cha mama kitakaa salama. Njooni Kunduchi pale vyombo vinapopaki, jua litakuwa mgongoni kwenu na Mbudya mbele. Nikitoka kazini nitakuwepo, nitawatafutia sehemu isiyo na kamba za ngalawa, na kama mvua haijakata kufika saa kumi na nusu msitoke Kimara, nitakuandikia hapa.